Mkono wa Kitanda cha Pili

Sindano hakupewa jina hilo kwa ushonaji wake tu. Ulimi wake nao ulichoma. Mumewe, Fundi Saa, alikuwa mtu wa kuchelewa kila mahali, hata kwenye harusi yake mwenyewe, na kwa miaka ishirini na sita Sindano hakuchoka kumsema. "Mtu ana saa arobaini mezani na hajui sasa ni saa ngapi!" Mume hucheka tu. Walipendana, msidanganyike na kelele.

Kisha kiharusi kikamjia mume mara mbili. Cha kwanza kilimnyang'anya hisia za mkono wa kushoto, cha pili wa kulia. Siku moja aliegemea pasi ya moto asijue, mpaka aliponusa ngozi yake inaungua. Sindano alimminya vidole, akamfinya kwa hasira.

"Unahisi?"

"Sihisi, mke wangu. Nisamehe."

Kuombwa msamaha kwa jambo kama hilo kulimliza kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi mchana mmoja, Fundi Saa ameketi pembeni ya cherehani, Sindano alimshika mteja kiganja ili apime urefu wa mkono wa blauzi.

"Umenishika," mume akasema.

"Nikushike vipi? Mimi niko huku."

"Kiganjani. Hebu shika tena."

Akashika tena. Fundi Saa akatokwa na machozi, na mteja naye akalia, bila kujua analilia nini.

Daktari hakushangaa. Alisema ubongo ukiona mtu mwingine anaguswa, huamsha kwa mbali sehemu ile ile inayoamka tukiguswa sisi. Kwa Fundi Saa njia ya mkononi ilikuwa imeharibika, ya machoni bado nzima. Sindano akajaribu kujishika mwenyewe mbele yake. Wapi! Ilikuwa lazima awe mtu mwingine. Basi wateja wakashikwa viganja, hata waliokuja kupunguziwa suruali.

Kiharusi cha tatu kilimlaza hospitali, kikaondoka na sauti. Asubuhi pumzi zake zilipoanza kukatika, muuguzi alikimbia kumwita daktari. Wodini akabaki mzee wa kitanda cha pili, ambaye hakuwahi kupata mgeni.

"Baba, samahani, nipe mkono wako."

Mzee akampa. Sindano akaushika kwa mikono yake miwili, akaupapasa kidole kimoja kimoja, uso ameuelekeza kwa mumewe. "Niko hapa. Nimekushika. Unaona? Nimekushika." Macho ya Fundi Saa hayakubanduka kwenye mikono ile mpaka yalipotulia kabisa.

Wifi yake alikuwa mlangoni na chupa ya chai, akaona alichokiona. Msibani akapaza sauti: "Kaka yangu kafa peke yake, mkewe kashikana mikono na mwanamume mwingine!" Watu wakamgeukia Sindano, wakiungoja ule ulimi. Yeye akakitazama kiganja chake.

Wifi hakuwa amegusa pale panapouma. Fundi Saa alikufa akihisi ameshikwa, na Sindano analijua hilo. Ila yeye mwenyewe hakumshika mumewe. Kila akiikumbuka asubuhi ile, kiganja chake kinamletea ngozi ya mzee ambaye hata jina hakumuuliza.