Marais Kumi na Wanane na Watoto Wanne

Marais wa Amerika nilijifunzia kwenye vichwa vya watu. Nasuka nywele katikati ya mji wa Durban, saluni ya ghorofani, juu ya duka la simu, na mteja akitaka mistari myembamba namsukia kumi na minane bila kuulizwa. Marais wa karne iliyopita walikuwa kumi na wanane. Naanza sikio la kushoto na yule aliyepigwa risasi karne ikiwa bado changa, namalizia sikio la kulia na yule aliyependa kupiga saksofoni. Mteja akigeuza kichwa kuchungulia simu yake, nampoteza yule mkulima wa karanga na inabidi nihesabu upya.

Sikufanya hivyo kwa mapenzi. Mimi na marais wapi na wapi? Ilikuwa amri ya baba watoto.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa historia kwetu Kongo, kwenye sekondari ya milimani, juu ya Ziwa Tanganyika. Hapa Durban analinda geti la nyumba ya ghorofa huko Glenwood, wanakopanga wanafunzi wa chuo. Anafungua, anafunga. Wanafunzi wanamwita Baba na wanampa heshima yake, lakini wakikaa ngazini kubishana juu ya vita vya dunia hawamwulizi kitu, naye anajua majibu yote. Jioni anarudi nyumbani Sydenham akiwa amejaa majibu, na mimi ndiye ninayemwagiwa. Miaka mingi nimeishi hivyo.

Halafu tukapigiwa simu. Dosie yetu, faili la wakimbizi tulilofungua tulipofika Afrika Kusini, ilikuwa imechaguliwa kwa ajili ya Amerika, na tungeitwa kwenye mahojiano, familia nzima. Tulikuwa tumesubiri miaka kumi na mmoja. Binti yetu mkubwa alikuwa anamaliza shule, anataka uuguzi, na kwa karatasi zetu za ukimbizi hakuna mtu hapa aliyeweza kutuambia kama ataupata. Kwa hiyo yale mahojiano yalikuwa ni yeye. Nililijua hilo, mume wangu alilijua, na yeye mwenyewe alilijua, maana siku hiyo aliosha vyombo vyote bila kuambiwa.

Sasa sikiliza ujinga wetu. Ndugu mmoja Mrundi wa pale duka la simu ana shemeji yake Amerika. Shemeji akatuma picha za kurasa kadhaa: maswali ambayo Wamarekani huuliza, marais ni nani, walifanya nini, nani alimfuata nani. Ndugu akazichapa, wino ukamwishia, zikatoka kurasa za karne ya ishirini peke yake. Yalikuwa maswali ya watu wanaoishi kule tayari, miaka na miaka, wanaotaka kuwa raia. Sisi hatukujua. Mfa maji haachi kutapatapa, na mume wangu alizipokea zile karatasi kwa mikono miwili.

Darasa lilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Aligeuza kabati letu, akaandika kwa chaki kwenye ubao wa mgongoni. Alivaa tai. Mimi, mabinti watatu na jirani mmoja wa Bukavu tulikaa kitandani kama wanafunzi, na Mungu wangu, ile sauti! Nilikuwa nimeisahau. Nyumbani huwa anaongea kama mtu anayeomba radhi; mbele ya kabati alinguruma. Nilifurahi, sitaficha.

Alifundisha kwa namna yake. Kila rais alimfunga na kwetu, ili tusisahau. Yule wa kiti cha magurudumu, aliyechaguliwa mara nne: wakati wake madini ya bomu yalichimbwa Katanga, na aliyempokea kiti ndiye aliyeliangusha Japani. Yule jenerali mwenye upara: zilikuwa zimebaki siku tatu amkabidhi kijana madaraka, waziri mkuu wetu wa kwanza akauawa. Yule mwigizaji wa filamu alimkaribisha rais wetu, na kofia yake ya chui, akamwita rafiki.

"Kumbe na sisi tulikuwemo," jirani akasema.

"Tulikuwemo," mume wangu akamjibu. "Ila hatukuulizwa. Endelea kuandika."

Jumapili ya tatu tukafika kwa yule mkimya, aliyesifika kwa kutosema. Mume wangu akasema huyo ni mwepesi, hakuna mengi. Binti yetu mkubwa alikuwa na simu mkononi.

"Papa, iko mengine hapa. Mtoto wake alikufa. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alicheza tenisi pale ikulu bila soksi, akapata lengelenge mguuni, sumu ikaingia kwenye damu. Wiki moja tu."

Chaki ikasimama.

"Hilo haliulizwi."

"Lakini papa, si ni historia?"

"Nimesema haliulizwi! Asiyekuwepo na lake halipo. Twende kwa yule injinia."

Tukaenda kwa yule injinia. Mabinti waliangaliana, jirani akaangalia karatasi yake. Mimi tu ndiye niliyejua kilichompandisha hasira, na nilikuwa nimekaa nacho kooni miaka kumi na saba.

Kabla ya mabinti hawa tulikuwa na mvulana. Alikuwa na miaka minne tulipokimbia, na homa ilimchukua njiani, kabla hatujafika ziwani. Mume wangu alipanda naye mlimani na mwanamume mwingine, wakarudi wawili. Mimi sikuweza kutembea, nilikuwa na mimba ya huyu binti mkubwa. Kwao mume wangu, mtoto aliyekufa akiwa mdogo hatajwi tena na hahesabiwi. Bibi yake mume wangu alinionya nilipoolewa: ukimtaja unamwita, akija atawachukua wenzake. Zamu yetu ilipofika, nikatii. Kwetu hatuna mila hiyo. Kwetu mama akiulizwa anasema, nilizaa wangapi na Mungu amechukua wangapi. Lakini niliolewa kwao, si kwetu, na mabinti walikua wakijua wako watatu.

Kesho yake, saluni, wateja wakiwa bado, nilimpigia binti simu. Nikamwambia anitafutie marais wengine waliozika watoto. "Kwa nini, mama?" Nikamjibu atafute tu. Akanitafutia. Yule wa kwanza, wa sikio la kushoto, alizika mabinti wawili, wote aliokuwa nao. Jenerali alizika mvulana wa miaka mitatu. Yule kijana aliyeuawa ndani ya gari la wazi alikuwa amezika mtoto wa siku mbili miezi michache tu kabla. Yule rubani wa zamani wa vita, msichana wa miaka mitatu, ugonjwa wa damu. Basi nikawajua kwa njia yangu. Nikiwafikia hao mkono ulikaza wenyewe, na Mtanzania mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akaruka kitini.

"Eish, dada! Unanisuka au unanichuna?"

Nikamwomba radhi. Nilikuwa kwa jenerali.

Siku ya mahojiano tulivaa nguo za kanisani. Mume wangu alituhoji njia nzima, nasi tukajibu bila kosa. Kule walitutenganisha: yeye chumba chake, mimi changu, mabinti benchi la nje. Mbele yangu alikaa mwanamke wa Kizungu mwenye sauti ya upole, na mkalimani wa Kiswahili cha Kenya. Wakaniambia ninyooshe mkono niape kusema kweli. Nikaapa. Kichwani marais wote kumi na wanane walikuwa wamepanga foleni, wamechana nywele.

Hakuna rais aliyeulizwa. Hata mmoja!

"Tutajie watoto wako wote," mkalimani akasema, "walio hai na waliofariki."

Ningeweza kusema watatu. Fomu ilisema watatu, mume wangu aliijaza kwa mkono wake. Lakini nilikuwa nimeapa, na, nikisema kweli, nilikuwa nimechoka. Watoto wa watu wengine nimewasuka vichwani miezi mitatu, wangu nimwache mlangoni?

"Wanne," nikasema. Wakaomba jina lake. Lilitoka likiwa kavu, nikaomba maji.

Yule mwanamke akafungua fomu, akasoma, akafunga. Akauliza mvulana yuko wapi sasa, kaburi liko wapi, nani alishuhudia. Kaburi sikulijua. Nilisema mlimani. Akaandika kwa muda mrefu kuliko jibu langu.

Kumbe na mume wangu aliulizwa hivyo hivyo chumba cha pili, na yeye, mwalimu wa historia, aliyeapa kama mimi, akasema watatu. Wakatuita wote, wakatuambia kwa upole kwamba majibu hayalingani, kwamba mtoto hawezi kuwepo kwa mzazi mmoja na asiwepo kwa mwingine, na kwamba tutaitwa tena siku nyingine, kama tutaitwa.

Nje tukasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, kungoja kuvuka.

"Ulisema wangapi?" akaniuliza, ingawa alijua.

"Wanne."

"Mama, umetuua."

"Hapana. Alikufa mmoja, na sikumuua mimi."

Nilisema hivyo barabarani, mchana, watoto wakisikia. Binti mkubwa akatushika mikono, wa kwangu na wa baba yake.

"Nani alikufa?"

Robot ikawa kijani, watu wakavuka, ikawa nyekundu tena. Sisi bado tulikuwa pale. Mwishowe nikamwambia mimi, kwa maneno machache. Alisikiliza, halafu akauliza kitu kimoja tu: kwa hiyo yeye si wa kwanza? Nikamwambia yeye ni wa pili.

Wiki sita mume wangu aliongea na mimi mambo ya chumvi na sabuni. Halafu tukapigiwa simu: tumepangiwa siku ya pili. Jumapili hiyo hakuvaa tai. Alikaa kitandani. Kwa hiyo nikasimama mimi. Nikafuta kabati kwa kitambaa kibichi, marais wote wakatiririka chini weupe, nikachukua chaki.

"Leo mwalimu ni mimi," nikasema. "Watoto wako. Wa kwanza nani?"

Akataja jina la binti mkubwa.

"Sifuri. Wa kwanza nani?"

Akaniangalia kwa hasira. Mabinti walikuwepo, sikuwatoa. Binti mkubwa akasema taratibu, "Papa, jibu tu. Mimi sitachukuliwa."

Akajibu. Alitaja jina, akataja umri, miaka minne na miezi miwili, hesabu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijaishika vizuri. Kisha hakunyamaza. Alisema walichimba kwa panga na mikono. Alisema alimfunika kwa shati lake, na mimi nikakumbuka kwamba kweli alirudi kifua wazi na sikuwahi kuuliza. Alisema waliweka mawe saba.

"Nilikuwa na chaki mfukoni," akasema. "Tulikimbia nikitoka darasani. Nikaandika jina lake kwenye jiwe kubwa. Tulipokuwa tunashuka, mvua ikaanza."

Alilia, na mimi nililia, tena kwa sauti, jirani wa Bukavu akaja kugonga mlango akidhani tumefiwa. Nikamwambia ndiyo, ila zamani.

Tulirudia kila Jumapili. Majibu yetu yakalingana mpaka kwenye mawe. Tulikuwa tayari kuliko siku ya marais.

Halafu kule Amerika akaapishwa rais, huyu wa karne hii, ambaye sijamsuka kwenye kichwa cha mtu yeyote. Akasaini karatasi, na safari za wakimbizi zikasimama, na za kwetu zikiwemo. Ujumbe ulikuja kwenye simu, mistari miwili, siku yenu imefutwa, msipige simu. Nilikuwa katikati ya kichwa. Nikamaliza kichwa. Binti yetu sasa anaandika barua kwa vyuo vya hapa, kimoja kimoja, anangoja kama sisi tulivyongoja, na linaniuma hilo kila asubuhi ninapomwona. Kama ningesema watatu, labda angekuwa kule. Sijui. Mume wangu hajawahi kuniambia hivyo, nami namshukuru kwa hilo kuliko mengine yote.

Mwezi uliopita kanisani walikuwa wanaandikisha familia upya. Mama mmoja mgeni, wa kwaya, alikaa mlangoni na daftari kubwa. Alikuwa na haraka, watu walikuwa wengi nyuma yetu.

"Baba, watoto wangapi?"

Nilikuwa nimeshika mkoba, natafuta miwani. Nikaacha kutafuta.

"Wanne," mume wangu akasema.

Yule mama akatuangalia, akahesabu mabinti watatu waliosimama nyuma yetu. "Na mwingine yuko wapi, niandike?"

"Alibaki nyumbani, Kongo," akasema. Kisha akamwomba kalamu, akainama juu ya daftari, akaliandika jina mwenyewe, kwa wino.