Batuli na Wagonjwa Walioruhusiwa

Mwaka 1972, katika hospitali moja mjini Tabora, wodi ya wanawake ilikuwa na mhudumu aitwaye Batuli Mabruki. Baba yake alikuwa fundi wa kushona magodoro, na ukoo wao ulikuwa wa mjini tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Batuli mwenyewe alisoma hadi darasa la nane, akaolewa, akafiwa na mume, kisha akaingia hospitalini kupiga deki na kumwaga vyombo vya haja. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwembamba, mwepesi wa miguu, na jambo likimkera hakuweza kulimeza.

Jambo lililomkera lilikuwa neno moja tu. Asubuhi, daktari akipita kitanda hadi kitanda, wapo wagonjwa aliowatazama kwa muda mrefu, akashusha pumzi, akaandika kwenye faili: Aruhusiwe. Mwenye malaria akiruhusiwa, amepona. Lakini hawa walikuwa wenye uvimbe uliokwisha kusambaa, na waliruhusiwa kwa sababu hospitali haikuwa na la kuwafanyia. Batuli alitandua shuka zao, akafua, ikawa basi. Bibi yake aliwahi kumsimulia jinsi wapagazi waliozidiwa njiani kati ya Tabora na pwani walivyoachwa kivulini na kibuyu cha maji, msafara ukaendelea na safari. Kila akitandua kitanda cha aliyeruhusiwa, Batuli aliwaza: huyu naye kapewa kibuyu chake.

Ndipo akaruhusiwa mama mmoja wa Itetemia aitwaye Ngollo, mwenye kidonda cha titi. Itetemia si mbali, na Batuli alikuwa na baiskeli. Baada ya wiki mbili alishindwa kuvumilia, akaenda.

Alimkuta Ngollo amelazwa chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa gunia, harufu inakutana na mgeni mlangoni. Mumewe, Shilinde, alikuwa amekaa nje ameshika tama.

"Umetumwa na hospitali?" aliuliza, akisimama haraka.

"Sijatumwa na mtu," Batuli alijibu. "Nimekuja kumwona."

Alichemsha maji, akatia chumvi, akakiosha kile kidonda taratibu, akakifunika kwa vipande vya kanga safi. Akalitoa gunia dirishani. Akamwonyesha Shilinde namna ya kumgeuza mgonjwa kwa shuka bila kumvuta mkono. Halafu akauliza vidonge vya maumivu viko wapi. Shilinde akafungua sanduku la nguo. Vilikuwamo vyote, vimefungwa kwenye karatasi, havijaguswa.

"Tunavitunza," alisema, "kwa siku atakayozidiwa."

Batuli alirudi mjini akikanyaga baiskeli kama anayekimbizwa. Mtu analia wiki mbili, na dawa iko ndani ya sanduku! Je, wengine? Wale wote waliotanduliwa shuka, nao hali zao ni hivi hivi? Njiani alisimama dukani akanunua daftari.

Kuanzia hapo, kila siku ya mapumziko alikuwa barabarani. Majina aliyapata kwenye kitabu cha wodi, na kila nyumba aliuliza maswali yale yale: nini kinakusumbua kuliko vyote, nani anakuhudumia, na usingizi unaupata? Aliona watu wanashindwa kueleza ukubwa wa maumivu, basi akaanza kubeba punje tano za mahindi. Mgonjwa aliweka mkekani punje kadiri anavyoumia. Moja, inasahaulika. Tano, mtu anapiga kelele. Wazee walicheka mwanzoni, kisha wakaweka punje zao kwa makini. Kwa miezi saba aliwapima wagonjwa arobaini na mmoja. Nyumba nyingine alikuta matanga, akakaa na wafiwa na kuuliza siku za mwisho zilikuwaje, nao walieleza kwa hamu, kana kwamba walikuwa wanamngoja mtu aulize.

Sista Katarina, mkuu wa wodi, alilikuta lile daftari juu ya kabati la shuka. Alikuwa mwanamke mkali, anayetembea bila kusikika. Alimwita Batuli ofisini na kufunga mlango.

"Nani kakupa ruhusa ya kuchukua majina ya wagonjwa?"

"Hakuna, Sista."

"Nani kakufundisha kupanga hesabu hizi?"

"Hakuna, Sista. Nimepiga mistari tu ili nisichanganyikiwe."

Sista akageuza kurasa. "Hapa umeandika, thelathini na wanne kati ya arobaini na mmoja waliweka punje nne au tano. Una hakika?"

"Niliwaona kwa macho yangu."

Sista Katarina alivua miwani. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mama yangu alifia Nzega hivyo hivyo," alisema. "Na mimi ni muuguzi. Vaa viatu vizuri, tunakwenda kwa daktari."

Daktari Eustace wa wodi ile alikuwa kijana aliyetoka masomoni karibuni. Alisoma daftari lote amesimama, chai yake ikapoa. Alipolifunga, sauti yake ilikuwa imepanda.

"Dada Batuli, unajua huu ni nini? Huu ni utafiti! Watu wanasoma miaka mingi kabla hawajafanya kazi kama hii!"

Batuli hakujua acheke au akimbie. Daktari alichomoa jarida, akaeleza kwamba wapo wataalamu ng'ambo wanaowapa wagonjwa wa namna hii mofini, dawa kali ya maumivu, ya kunywa, si sindano, tena kwa saa maalumu, kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi. Wala hawangoji mtu alie.

"Ndiyo!" Batuli alipaza sauti, akasahau yuko mbele ya nani. "Ndilo kosa lenyewe! Wanangoja alie!"

Mtunza dawa alikataa katakata kwa wiki tatu, akisema wagonjwa watazoea dawa kama pombe, au itawaua. Daktari akaweka saini yake, Sista akaweka kufuli ya pili kwenye kabati, wakaanza na wagonjwa kumi na mmoja. Batuli alipima kwa punje zake, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza punje zilianza kupungua mkekani. Tano zikawa tatu, tatu zikawa moja. Mwanamke mmoja akaomba ugali. Batuli alitoka nje ya wodi, akajifunika uso kwa kanga, akaruka kama msichana.

Mtihani wa kweli ulikuwa vijijini. Karibu na Goweko, kwenye kijiji cha Ujamaa, alikuwapo mkulima wa tumbaku aitwaye Silasi Kashindye, mwenye uvimbe wa nyonga. Batuli alishuka garimoshi na chupa ya dawa ndani ya kikapu. Mke wa Silasi, Paskazia, alimpokea kwa heshima, akimwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mayo."

"Mwangaluka."

Batuli akaeleza: kijiko kimoja saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, na saa kumi na mbili jioni. Kisha saa nne usiku vijiko viwili kwa pamoja, vimfikishe alfajiri.

Paskazia alisikiliza hadi mwisho. "Nimeelewa, dada. Lakini saa sina. Jua nalo, siku za mawingu, nitalionea wapi?"

Batuli alishikwa na fadhaa. Hesabu zote zile, na hakufikiria hilo! Wakati huo huo, ngo, ngo, ngo, ukasikika mlio wa chuma. Lilikuwa gurudumu la lori lililotundikwa kwenye ofisi ya kijiji, likigongwa kuwaita watu shamba la pamoja. Batuli aliinuka kabla mlio haujaisha, akaenda mbio kwa mwenyekiti, Ndugu Limbu, aliyekuwa akigawa majembe.

"Ndugu Mwenyekiti, kengele hii mnaigonga mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Ni kengele ya kazi."

"Naomba igongwe mara tano."

Ndugu Limbu alimtazama kwa mshangao. "Kwa ajili ya mtu mmoja? Mgonjwa mwenyewe haponi!"

"Haponi, kweli. Lakini ana wiki au miezi ya kuishi, na ni mwanakijiji wenu. Shamba mnalima pamoja. Na huyu je, aumie peke yake?"

Watu waliokuwa wakingoja majembe walisogea karibu. Mwenyekiti alijikuna kidevu, akawageukia. "Mnasemaje?" Mwanamke mmoja akajibu kwa sauti, "Igongwe!" na wengine wakamfuata. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekuwa na saa ya mkononi, na ile ya saa nne usiku akaikabidhi kwa mgambo wa zamu.

Tangu siku hiyo, kengele ikilia wakati wa palizi, watu waliinua vichwa na kuambiana, "Silasi anakunywa dawa." Batuli aliporudi baada ya wiki mbili, alimkuta Silasi amekaa barazani kwake, anachambua majani ya tumbaku na kumgombeza jirani kwa kuyachanganya. Hakuhitaji kutoa punje. Aliishi miezi minne zaidi, akaaga dunia siku ya Jumapili mchana, katikati ya mazungumzo na wanawe.

Habari zikafika mkoani. Ikaamuliwa waje Tabora wahudumu na waganga wasaidizi ishirini kutoka zahanati za wilayani, wafundishwe kwa wiki mbili. Na mwalimu awe nani? "Batuli," alisema Sista Katarina, kana kwamba jambo hilo halina mjadala.

Siku ya kwanza, mstari wa mbele, aliketi Bwana Saidi, mganga msaidizi wa Bukene, mwenye mvi na kalamu tatu mfukoni. Alisikiliza dakika kumi, akasimama.

"Nina miaka kumi na tisa kazini. Leo nifundishwe na mpiga deki?"

Batuli alicheka, kicheko cha kweli.

"Shikamoo, Bwana Saidi. Sitakufundisha kutibu. Nakuomba ulale tu kitandani hapa."

Alilala, kwa shingo upande. Batuli akawaita wanafunzi wawili wamgeuze kama walivyozoea kazini. Wakamvuta mkono na mguu, wakizungumza wao kwa wao habari za mpira. "Eh! Taratibu!" alifoka Bwana Saidi. Kisha Batuli mwenyewe akamgeuza kwa shuka, akimwambia kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Bwana Saidi alibaki akitazama dari. Alipoinuka alisema kwa sauti ndogo, "Hakuna aliyewahi kunionyesha." Akatoa kalamu moja, akaanza kuandika.

Siku ya mwisho alikuja Paskazia kutoka Goweko, akasimama mbele ya watu wote na kusimulia habari za mumewe.

Mwaka uliofuata Batuli, sasa akiwa na cheo cha muuguzi msaidizi, alipanda treni ya Mwanza kwenda kuwakagua wanafunzi wake. Bukene, Bwana Saidi alikuwa akimngoja stesheni, na hata salamu hakuzimaliza.

"Mwalimu! Ile dawa inafunga choo, si uliandika kwenye barua kwamba hamkupata ufumbuzi?"

"Ndiyo, hilo linawatesa wagonjwa sana. Umepata nini?"

"Mbegu za papai! Zinakaushwa, zinasagwa, kijiko kidogo na uji. Wagonjwa watatu, wote wamefunguka!"

Batuli alipiga makofi, abiria wakageuka kuwatazama. "Watatu hawatoshi, Bwana Saidi. Kwa siku ngapi? Mbegu kiasi gani? Nani aliyepima?"

"Yuko wa nne, nyuma ya reli kule. Kaanza juzi."

"Basi mkoba nitauweka baadaye," alisema Batuli. "Twende sasa hivi." Na wakashika njia, mzee akieleza kwa mikono miwili, Batuli akiandika huku anatembea.