Siku Kapteni Harlan Alipofuata Maboya ya Serikali

Kaka yangu Harlan Bozman alikuwa hajawahi kupwelewa, yaani boti yake kukwama maji yakipwa. Ukikutana naye, utalisikia hilo kabla hujajua jina lake. Hapa Kisiwa cha Tull, katika Ghuba ya Chesapeake, mtu akikalisha boti kwenye matope wavuvi wa kaa humtania redioni mpaka mjukuu wake aoe. Harlan alikuwa mtaniaji mkubwa kuliko wote. Yeye mwenyewe hakuwapa wenzake nafasi hata siku moja.

Tatizo ni mkondo wa kuingilia kwetu, ulikuwa umejaa matope. Maji yakipwa, anayefuata maboya ya serikali yanayoonyesha njia anakwama. Harlan ana kichochoro chake nyuma ya nyasi za kinamasi, anakipita kwa kunusa tu, na hakuna mwingine anayekijua.

Mimi ni Nettie, dada yake. Nauza mafuta ya boti gatini, kwa hiyo nasikia kila kitu. Mkewe, wifi yangu Opal, ana ugonjwa wa moyo. Kuna majira ya baridi alizidiwa maji yakiwa yamepwa. Boti ya wagonjwa kutoka bara ikasimama nje ya mkondo, imeshindwa kuingia. Harlan akampakia kwenye boti yake, akampitisha kichochoroni mpaka kwa madaktari. Alipona. Harlan alirudi akijisifu.

Basi tukaomba kuchimbiwa mkondo. Jimbo lina mfuko wake: anayenunua boti analipa kodi, na kodi hiyo hurudi majini, kuchimba mikondo, kujenga magati, kuweka maboya, kununua boti za uokoaji. Wilaya inaomba, jimbo linapanga nani ana shida zaidi, na waombaji siku zote ni wengi kuliko hela. Wakamtuma mhandisi, Bi Odom, aje ajionee maji yakiwa yamepwa. Na nani wa kumleta kutoka bara? Harlan, nani mwingine!

Nilisimama gatini nikaiona boti inakuja haigusi kitu, Bi Odom kakaa mbele anakunywa kahawa. Harlan akamteremsha kama bibi harusi.

"Kumbe panapitika," Bi Odom akasema.

"Kwa anayejua, dada," Harlan akajibu, kidevu juu.

Nilitamani kumpiga na ndoo. Majibu yalipokuja, kisiwa chetu kilikuwa mkiani mwa orodha, hatukupata kitu.

"Mpumbavu wewe!" nilimwambia nyumbani kwake, tumekaa mezani na keki ya Opal. "Sisi tumesema hapapitiki, wewe unampitisha!"

"Ulitaka nikwame na mgeni ndani? Mbele za watu?"

"Ndiyo!"

"Nettie, mimi sijawahi..."

"Tunajua hujawahi! Hata paka anajua!"

Opal akaweka kisu chini. Yeye si mtu wa kupaza sauti. "Harlan," alisema, "nikizidiwa siku ambayo wewe umeshakufa, nani atanipitisha?"

Keki ya kaka yangu ilibaki kwenye sahani.

Mwaka uliofuata tuliomba tena, na Bi Odom akaja tena, maji yamepwa vilevile. Wavuvi walijaa gatini. Boti ya Harlan ilifika boya la kwanza, pale anapokata kushoto siku zote kwenda kichochoroni. Hakukata. Alinyoosha katikati ya maboya ya serikali, kama mgeni yeyote asiyepajua kwetu. Boti ikapunguza mwendo, ikainua pua kidogo, ikasimama.

Kisha redio ikakoroma: "Huyu ni Harlan. Nimepwelewa."

Loo, kelele zake!

"Kapteni, rudia, hatujasikia vizuri!"

"Kapteni, tukuletee ramani?"

"Semeni mpaka mchoke," akajibu. "Muda ninao."

Alikaa pale na Bi Odom mpaka maji yalipojaa. Waliposhuka gatini, masikio ya kaka yangu yalikuwa mekundu kama kaa aliyechemshwa. Bi Odom akamuuliza, sisi sote tunasikia, "Mbona mwaka jana hukunipitisha huku?"

"Majivuno, dada," Harlan akasema. "Hakuna sababu nyingine."

Nikalia, na sioni haya kusema. Neno hilo sikutegemea kulisikia kinywani mwake nikiwa hai.

Safari hiyo tukapewa. Mashine ikaja ikachimba mkondo, matope yakamwagwa ufukweni upande ule unaoliwa na mawimbi. Wavuvi bado wanamwita Harlan Kapteni Tope, na anaitika.

Mwezi uliopita Opal alizidiwa tena. Maji yalikuwa yamepwa kabisa. Boti ya wagonjwa ililetwa na dereva mpya, mama mmoja wa bara ambaye hajawahi kukanyaga kwetu. Alifuata maboya, akaja moja kwa moja mpaka gatini. Tukampakia Opal. Harlan naye akapanda, na kwa mazoea akaenda kushika usukani.

"Baba," yule dereva akamwambia, "wewe kaa na mama."

Akakaa. Opal yuko nyumbani sasa, anaendelea vizuri. Ameniambia kwamba Harlan alimshika mkono njia nzima, na maji hakuyatazama hata mara moja.