Mafuta ya Waridi ya Mama

Juzi, katika barabara ya Ndia Kuu, nilipita duka linalouza mishumaa yenye harufu ya waridi, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu. Mama alikuwa ameshafariki, nami nikilelewa na mdogo wake, Mama Zuhura. Alasiri hiyo alinifundisha kutengeneza mishumaa. Tuliyeyusha vipande vya mishumaa mikuukuu sufuriani, kisha akanipa chupa ndogo ya mafuta ya waridi aliyokuwa akijipaka mama.

"Ngoja nta ipoe kidogo, mwanangu, ndipo utie matone mawili," aliniambia, akaenda kuosha vikombe vya kumiminia.

Sikungoja. Nilimimina mafuta yote kwenye nta iliyokuwa ikifuka moshi. Harufu ya mama ikajaa chumba kizima, nikageuka kutazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Mama Zuhura alirudi, akaiona chupa tupu. Alifunga madirisha yote, akaketi sakafuni. Nilidhani hataki majirani wasikie akinichapa, nikajikunyata pembeni. Hakunichapa. Tulikaa, kila mtu upande wake, mpaka harufu ikaisha. Sasa najua alikuwa akimzuia dada yake asiondoke.