Chumvi Kwenye Mtende wa Jirani

Jirani yangu pale Cheyo, mwanamke wa pwani, alikuwa na mti chotara wa mtende na mkindu, aliouotesha kwenye debe barazani. Wageni wangu walipita mlangoni kwangu bila hodi, wakaenda kuusifia kwanza. Hata mume wangu aliusifia. Nikaapa utakauka. Kila mara jirani huyo alipokwenda sokoni, niliumwagia maji ya chumvi ya Uvinza.

Ukatoa makuti mapya matatu.

Siku moja alirudi mapema, akanikuta na kata mkononi. Nilingoja matusi, yeye akacheka.

“Kumbe ni wewe, dada. Kwetu mnazi ukidumaa tunautilia chumvi. Nani alikufundisha?”

Nikamwambia ni mama. Akanishukuru, na hapo ndipo nilipomchukia kabisa.