Kuku Aliyetaga Ziwani

Mimi ni mtu wa kushuku, na sina mpango wa kuomba radhi kwa hilo. Muuzaji akiniambia dagaa wake ni wa leo, nanusa kwanza. Mwanafunzi akija kuomba ruhusa kwa kuwa amefiwa na bibi, namuuliza bibi yupi, maana muhula uliopita alishawazika wawili. Lakini miaka ile ya wakimbizi, tabia hiyo ilinitoka mimi ikauvaa mji mzima. Ujiji yote ilikuwa inanusa.

Watu walikuwa wanavuka ziwa kila siku. Wengine walitoka Burundi, wengine ng'ambo, upande wa Kongo, na wote kwa utaratibu walipelekwa kambini. Lakini si wote waliokwenda. Kwa hiyo mtu mgeni akipanga chumba mtaani, majirani walikuwa na neno la kusema kisimani, na swali lililokuwa likizunguka ni moja: babu yako alitoka wapi? Ukimuuliza mtu wa Ujiji swali hilo umemshika pabaya. Karibu sote babu zetu walitoka ng'ambo. Walikuja na misafara ya biashara, au walikuja wakiikimbia, wakaoa, wakazaa, wakazikwa hapa. Ila ukitakiwa kuonyesha karatasi ya kuthibitisha hayo, utaonyesha nini? Kaburi?

Mama yangu alikuwa amepita miaka sabini na hakuwa na karatasi hata moja. Alizaliwa Ujiji, lakini mama yake, yaani bibi yangu, alivuka. Kila niliposikia kwamba fulani ameitwa kuhojiwa, nilimfikiria mama.

Na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikundi chenye kazi ya kusimulia mambo hayohayo hadharani.

Kikundi chetu kilikutana Jumamosi baada ya alasiri, katika darasa la shule niliyokuwa nafundisha, Kasingirima. Kilianza kwa hasira. Kila mgeni aliyefika Ujiji alipelekwa kwenye mnara wa wale wazungu wawili waliopeana mikono, akapigwa picha, akaondoka. Mwenyekiti wetu, fundi cherehani aliyestaafu kwa sababu ya macho, alisema haiwezekani mji mzima uwe umeishi kwa ajili ya wazungu wawili kusalimiana. Basi tukaanza mazungumzo yetu wenyewe, na kila baada ya miezi michache tukawa tunafunga safari ya siku moja kwenda kuona mahali tulipokuwa tumepazungumzia.

Tulikuwa na desturi moja: mtu hazungumzi kabla hajataja mwalo. Mwalo ni pale mitumbwi inapotia nanga, na kutaja mwalo ni kusema mzee wako alikanyaga wapi alipovuka, na nani aliyempokea. Aliyempokea ndiye aliyemtilia maji ya kunawa miguu mlangoni, na tangu hapo mgeni alihesabika mtu wa nyumba ile. Mimi niliyaandika yote katika daftari la safu tatu: jina, mwalo, aliyempokea.

Mwalo wangu niliutaja kwa mbwembwe, nakiri. Bibi yangu alivuka akiwa msichana, amepakata kuku. Katikati ya ziwa, mawimbi yakipiga na watu wakisali, kuku akataga yai ndani ya mtumbwi. Alipofika akampa lile yai mama aliyempokea, na yule mama akacheka akasema mgeni aliyekuja na mboga yake hafukuzwi. Darasa zima lilikuwa likiipenda hadithi hiyo. Nilikuwa naombwa niirudie, na nilikuwa najifanya nakataa.

Ndipo akaja bwana mmoja.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, viatu vimepigwa rangi kupita kiasi. Alikaa karibu na mlango. Alisema amepanga mtaa wa nyuma ya shule, na kwamba anapenda historia. Hilo tu lilitosha kunitia wasiwasi. Watu wa umri wake walipenda mpira. Alipotakiwa kutaja mwalo alisema, "Wiki ijayo, mama, nitauliza nyumbani kwanza." Wiki iliyofuata akasema hivyohivyo. Jina nililiandika, safu mbili zikabaki tupu.

Na aliandika. Mungu wangu, yule mtu aliandika! Wenzake wakicheka yeye kainama. Chai ikipita yeye kainama. Na maswali yake yalikuwa ya ajabu. Msikiti wa zamani ulikuwa na milango mingapi? Kabla ya shule hii hapa palikuwa na nini? Mzee fulani aliyekuwa akipiga ngoma harusini, alikuwa na makengeza jicho gani? Nikamwambia mwenyekiti, "Huyu katumwa. Anakusanya majina ya watu waliovuka."

"Wewe ukimuona paka ameketi unasema katumwa," mwenyekiti akanijibu.

"Na anayeandika jicho la marehemu?"

Nyumbani nilimwambia mama asizungumze na mtu yeyote mwembamba. Akaniambia nimuonyeshe mnene katika mtaa ule.

Safari yetu iliyofuata ilikuwa ya Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Gombe, ambako kulikuwa na bibi mmoja Muha aliyekumbuka mwalo wa kale uliokuwa ukipokea mitumbwi ya ng'ambo ikikosea njia kwa upepo. Tuliondoka mwalo wa Kibirizi asubuhi, tukiwa kumi na saba katika mtumbwi wa mashine, wapagazi wa soko la dagaa wakitutania kwamba wazee wanakwenda kutafuta wachumba. Niliwakumbusha wote wabebe kitambulisho chochote walichonacho, kwa sababu mitumbwi iliyorudi kutoka kaskazini ilikuwa inakaguliwa. Yule bwana alisikia. Nilimtazama kwa makusudi, uso haukubadilika. Nikajisemea, mkaguzi hamwogopi mkaguzi mwenzake.

Bibi wa Mwamgongo alitupokea kwa "Mwidiwe," salamu ya Kiha, na sinia la migebuka ya kukaanga, akatuonyesha mawe mawili majini yaliyokuwa yakifungiwa kamba. Mwenyekiti alilia kidogo, akasingizia moshi wa jikoni. Yule bwana hakula. Alikaa juu ya jiwe moja akilitazama ziwa, upande wa ng'ambo, milima yake ikionekana hafifu. Nilikula samaki wangu nikimtazama yeye.

Wakati wa kurudi akahama nafasi, akaja kuketi karibu nami.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Samahani, mama. Yule kuku wa bibi. Alikuwa wa rangi gani?"

Nilimgeukia. Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kuulizwa swali hilo, na sikuwa na jibu, kwa sababu katika hadithi yetu kuku hakuwahi kuwa na rangi. Lakini akili ya kushuku haikosi kazi. Nikaona nimtegee mtego. Nikimpa rangi ya uongo ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, siku nitakapoisikia tena, popote nitakapoisikia, nitajua imetoka kwake.

"Mweupe," nikasema. "Mweupe mtupu."

Akaandika. Akanishukuru kwa upole hata nikaona karaha.

Kibirizi tulikuta turubai limefungwa, meza moja, maofisa wawili wa uhamiaji. Mmoja wao nilimfundisha darasa la tatu. Aliponiona akasimama akanipa shikamoo yake, na wenzangu wakapita mmoja mmoja kwa salamu na utani. Yule bwana alikuwa wa mwisho.

"Karatasi?"

"Zimebaki nyumbani, afande."

"Wewe wa wapi?"

"Wa hapahapa. Kasingirima."

"Wazee wako?"

Akasimama wima kama mtoto anayeghani kwenye sherehe za shule. "Bibi yangu alivuka akiwa msichana. Alikuja na kuku. Kuku mweupe. Katikati ya ziwa yule kuku akataga, na bibi alipofika akampa yai mama aliyempokea."

Ofisa akacheka. Alicheka kweli, akaweka kalamu chini. Na mimi damu ikanipanda kichwani. Mtego wangu ulikuwa umefyatuka mbele ya macho yangu, na kilichonaswa sikukitambua kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kingine. Niliona wizi tu. Kasimama mchana kweupe anamvaa bibi yangu!

"Mwalimu," ofisa akaniita, bado anatabasamu, "huyu ni wenu?"

"Kuku huyo ni wa bibi yangu mimi," nikasema.

"Sasa si ndiyo kasema? Kumbe ni ndugu yako."

Alinifungulia mlango wazi. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu, au kuitikia kwa kichwa. Yule bwana alikuwa ananitazama, midomo imemkauka, na kwa mara ya kwanza nikauona woga wake. Mwenyekiti akanigusa kiwiko.

"Hapana," nikasema. "Simjui."

Tabasamu la ofisa likaondoka. Akamwambia yule bwana akae kwenye benchi pamoja na wengine watatu waliozuiwa kabla yetu. Alipopita mbele yangu akasema taratibu, kwa Kiswahili cha ng'ambo ambacho alikuwa amekificha miezi yote ile, "Mama, kama nilikukosea, unisamehe." Nilitembea mpaka kituo cha magari nikiwa na hasira, na nilikuwa na hasira bado nilipofika nyumbani.

Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Nilimsimulia yote, nikitaraji aniunge mkono. Nilipofika kwenye "simjui," mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Ulisema hivyo?"

"Kamwiba bibi, mama! Kamwiba na kuku wake!"

"Yule kuku hakuwa wa mama yangu," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Mama yangu alifika hapa mikono mitupu. Hata kitambaa cha kichwa hakuwa nacho, na alikuwa amemkimbia mtu. Aliyempokea ndiye aliyekuwa amevuka na kuku, miaka mingi nyuma. Watu walipokuja kuuliza huyu msichana ni nani, yule mama akawaambia, ni mdogo wangu, tulivuka pamoja, kuku wetu akataga njiani. Usiku kucha akamfundisha. Mama yangu akaisema hadithi ile mpaka ikawa yake."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Uliwahi kuuliza? Wewe huulizi. Wewe unashuku tu." Akarudia mchele wake. Kisha akasema, "Na rangi nyeupe umeitoa wapi?"

"Nimeitunga."

"Basi na wewe ulimpa hadithi," akasema.

Niliona aibu, na aibu ile haijanitoka mpaka leo. Nikiisema hapa naona uso unanichoma. Yale maswali yote, milango ya msikiti, jicho la mpiga ngoma, yalikuwa mambo ambayo mtu aliyezaliwa mtaani petu angeyajua bila kuyasoma. Alikuwa anajifunza kuzaliwa Ujiji. Mimi niliogopa anaandika ili atutoe, kumbe anaandika ili aingie.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Kibirizi. Mwanafunzi wangu wa zamani alinisikiliza kwa adabu. Akasema wale wanne walikwishapakiwa kwenye lori kwenda kambini.

"Kambi ipi?"

"Zipo kadhaa, mwalimu. Anaitwa nani?"

Nikalitaja jina nililoandika kwenye daftari. Akapitisha kidole kwenye orodha yake, halikuwemo. Bila shaka halikuwa lake.

"Lakini jana si ulisema humjui?" akaniuliza. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ametatizika tu, kama alivyokuwa akitatizika na hesabu za kugawanya.

Niliandika barua kwenye kambi mbili, nikaeleza mtu mwembamba mwenye viatu vilivyong'aa. Unaweza kufikiria walivyonijibu.

Jumamosi iliyofuata ilipofika zamu yangu, nilitaja mwalo kwa namna nyingine. Nilisema bibi yangu alifika mikono mitupu, akapokelewa na mwanamke aliyempa hadithi yake. Mwenyekiti akauliza, kwa upole, kama kuku naye alikuwepo au la. Nikasema alikuwepo, alikuwa wa mwenyeji, na alikuwa mweupe.

Daftari lile ninalo bado. Karatasi zimekuwa za manjano, na wengi walioandikwa humo wametangulia, mama yangu mmoja wao, na hakuna aliyewahi kumuita kumhoji. Jina la yule bwana liko katikati ya ukurasa wa tisa. Mbele yake, safu ya mwalo niliijaza mwenyewe baadaye: Kibirizi. Safu ya aliyempokea iko tupu. Mara kadhaa nimeishika kalamu niandike jina langu pale, nikairudisha mezani, kwa sababu sikumpokea.