Nilivyomsingizia Muuza Petroli

Naona haya hata kulisimulia hili. Mwaka wa themanini na nne nilikuwa dereva wa zahanati moja huko Vitengeni. Gari letu lilikuwa zito mlimani, nami nikajifanya fundi: nikalegeza distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, na kuizungusha kidogo, ili moto uwahi kuwaka. Kweli likapata nguvu.

Wiki hiyohiyo tulimpeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa hospitali ya Malindi. Kila nilipokanyaga mafuta mlimani, injini iligonga kama misumari ndani ya debe. Pistoni ikipasuka hapa porini, nitamwambia nini mumewe?

"Kazungu, ni nini hicho?" akauliza Sista Kadzo, muuguzi wetu.

"Petroli mbovu, Sista. Tumeuziwa uchafu."

Tulifika, mama akajifungua salama. Nilidhani yamekwisha, kumbe Sista akaniamuru twende kituo tulichonunua petroli. Alimkabili mwenye kituo, Mzee Salim, mbele ya wateja. Mzee hakubisha.

"Subiri, mwanangu," alimwambia Sista, kisha akawageukia vijana wake. "Mwiteni fundi Abeid."

Fundi aliliendesha gari kidogo, akafungua boneti, akairudisha distribyuta nyuma. Alipoliendesha tena, halikugonga.

"Petroli haina kosa," akasema. "Moto ulikuwa ukiwaka mapema mno, kabla pistoni haijakaribia juu. Nati hii imefunguliwa juzijuzi. Nani ameigusa?"

Sista akanigeukia. Nilimtazama Mzee Salim.

"Ni mimi, mzee," nikasema. "Nisamehe."